Shauri la Kuhama Umatengoni

Katika nchi ya Umatengo, neno la kuhama halikuwa likisemwa kwanza na yule atakayehama. Lilianza jikoni, kinywani mwa mwanamke aliyekwisha kuona, msimu wa pili au wa tatu, kwamba nyasi anazozifukia hazitoshi tena kuunenepesha udongo. Likapita usiku masikioni mwa mume. Likafika, baada ya siku nyingi za kunyamaziwa, mbele ya babu kwenye sengu, baraza la jioni la wanaume wa ukoo. Na hapo ndipo lilipopewa umbo la shauri, likajadiliwa, likakataliwa, likarudishwa, hata mwishowe likawa safari. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wengi, wakiona leo vijiji vya Wamatengo vimetapakaa mashariki ya milima yao mpaka kwenye misitu ya miombo, husema kwa wepesi kwamba watu hawa walifurika kama maji yafurikavyo mtungini, ilhali maji hayana shauri, na mtu analo.

Yafaa msomaji aijue ardhi yenyewe kabla ya kuwajua wanaoihama. Milima ya Umatengo, iliyo magharibi ya mji wa Mbinga katika Mkoa wa Ruvuma, hupanda kutoka mita 1,300 hivi hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha upande wa machweo huporomoka kwa ghafula mpaka kwenye Ziwa Nyasa, ambalo uso wake hauufikii urefu wa mita 500. Na kutoka katika mabonde ya milima hiyo hiyo Mto Ruvuma huanza safari yake ndefu ya kwenda Bahari ya Hindi. Ardhi ya namna hii haigawiki kwa kamba wala kwa vigingi. Hugawanyika yenyewe, mgongo kwa mgongo, kijito kwa kijito. Na mgongo mmoja wa mlima uliobanwa na vijito viwili Wamatengo huuita ntambo. Ntambo moja ilikuwa maskani ya ukoo mmoja. Kileleni uliachwa msitu, kwa kuni na kwa mvua. Chini yake kidogo zilikaa nyumba, na mibuni ilipoingia ikapandwa kuzizunguka. Ubavuni yakachimbwa mashamba ya ngolo. Na kule chini kabisa, penye maji, vikalimwa vinyungu vya mboga wakati wa kiangazi. Mtu aliyezaliwa katika ntambo aliweza kupata chakula, moto, maji, jirani na kaburi bila ya kuvuka kijito.

Ngolo ndiyo fahari ya watu hawa, na kwa kuwa shauri la kuhama huanzia humo, nitaieleza kwa kituo. Mwezi wa Machi, mvua zikiwa karibu kwisha, wanaume hufyeka nyasi ndefu za shamba lililopumzishwa, wakaziacha zinyauke siku kadhaa. Kisha nyasi hizo hulazwa kwa mistari, mingine ikishuka na mteremko na mingine ikiukata, hata ubavu wote wa mlima ukafanana na jamvi lililosukwa kwa miraba, kila mraba ukiwa na upana wa hatua mbili hivi. Ndipo wanawake huingia. Mwanamke husimama katikati ya mraba, akachimba udongo na kuutupa pande zote nne mpaka nyasi zimezikwa, akamwaga mbegu za maharage juu ya udongo huo na kuzifunika kwa udongo mwingine, na pale aliposimama pamekuwa shimo. Mvua ikinyesha, hata iwe ya kishindo, maji hayapati njia ya kukimbia: hutuama shimoni yakazama polepole, nao udongo yaliouchukua hubaki humo humo badala ya kwenda ziwani. Maharage yakishavunwa, kuta zile husubiri mvua za mwisho wa mwaka, zikapandwa mahindi. Na shamba likirudiwa baada ya hapo, mashimo mapya huchimbwa pale zilipokutana kuta za zamani, nyasi zilizooza zikawa chakula cha mazao yajayo.

Nilimtazama siku moja mama mmoja mtu mzima akichimba ngolo kwenye mteremko ambao mimi nilikuwa nimeshika kichaka nisianguke. Alipomaliza mraba aliukanyaga ukuta wake kwa unyayo mtupu, akatulia kidogo, kisha akahamia mraba wa pili na kufanya vivyo hivyo. Nikamwuliza afanyalo. Akasema, bila ya kuinua kichwa, kwamba anausikiliza udongo: wenye nguvu huufuata mguu, na uliochoka hukaa chini yake kama majivu ya jana. Nikatambua kwamba elimu ya kujua kama ukoo utaendelea kukaa au utahama iko nyayoni mwa wanawake, na kwamba sengu ya wanaume, pamoja na heshima yake yote, ilikuwa ikipokea habari ambayo jiko lilikuwa nayo tangu mwaka uliopita.

Wazee husimulia kwamba maarifa haya waliyapata katika dhiki. Katikati ya karne ya 19 Wangoni, waliotoka kusini ya Afrika katika mtikisiko wa vita vya Wazulu, waliingia nchi ya Songea, na watu wa nchi zilizozunguka wakatafuta sitara milimani na mapangoni. Wengi wakabanwa kwenye ardhi ndogo yenye mteremko mkali, nao wakalazimika kuifanya ardhi hiyo ndogo izae kila mwaka bila ya kuporomoka. Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, na njaa iliyovifuata, viliipunguzia mno Ungoni watu wake, na hofu ikaondoka. Waliojificha wakaanza kuteremka, mmoja mmoja kwanza, wakilima nyanda za chini na kurudi milimani kulala. Hivyo kuhama kwa Wamatengo kulianza kama kazi ya mchana tu, na kwa muda mrefu hakuna aliyeona haja ya kukupa jina jingine.

Kisha ikaja kahawa. Mbuni uliingia Umatengoni katika miaka ya 1920, ukapendana na baridi ya milima, ukaleta fedha, shule, mabati na nguo za sikukuu. Lakini ulileta pia jambo ambalo halikutazamiwa. Shamba la maharage likishavunwa huweza kugawiwa upya, ilhali mbuni hukaa miaka thelathini na zaidi, na aliyeupanda huutaka wakati wote, na mwanawe baada yake. Sehemu iliyo nzuri kuliko zote katika ntambo, ile ya kati, ikawa haigawiki tena. Kwa kuwa urithi hufuata upande wa baba, na kila mwana wa kiume hutazamia fungu lake, mgongo ulikatwa vipande kutoka juu kwenda chini, kila kizazi vyembamba kuliko vya kizazi kilichotangulia. Na nimeonyeshwa shamba la mwana wa mwisho wa nyumba moja ambalo mtu angeweza kulivuka akiwa bado hajamaliza kujibu salamu.

Sengu ni mahali, nayo ni mlo, nayo ni hukumu. Jioni, wanaume wote wa ukoo mmoja, wakubwa kwa wadogo, walikusanyika mbele ya nyumba ya babu. Kila jiko likaleta ugali na mboga yake, na vyakula vya majiko yote vikawekwa pamoja, wakala. Mjane asiye na mwana wa kumletea samaki hakufichika, kwa kuwa sahani yake ilionekana. Mtu mvivu naye hakufichika, kwa sababu hiyo hiyo. Watoto wa kiume walijifunza hapo kunawa, kungoja, kusikiliza na kunyamaza. Chakula kikiisha, mashauri yalianza: ugomvi wa mpaka, mahari, mbuzi aliyeingia shambani, na ugawaji wa ardhi, ambao ulikuwa mkononi mwa babu peke yake, ingawa babu mwenye busara hakugawa kabla hajasikia watu wote. Mtu aliyekula nawe kila jioni kwa miaka ishirini hawezi kukwambia asubuhi moja kwamba anaondoka. Lazima akwambie akiwa bado na tonge mkononi.

Nilipata, zamani, kuketi mgeni katika sengu moja usiku ambao mjukuu mmoja, mume wa mke mmoja na baba wa watoto wawili, alileta haja ya kwenda kufungua shamba upande wa Kitanda, mashariki ya milima, ambako wenzake wawili walikwisha kupata mahali. Amu yake mkubwa alipinga, akiuliza nani ataiangalia mibuni ya kijana huyo. Amu mdogo aliunga mkono kwa bidii ambayo kila mtu alielewa sababu yake, maana mibuni hiyo ilipakana na yake. Babu aliwaacha wamalize. Kisha hakumwuliza kijana kwa nini anataka kwenda, wala atapata magunia mangapi, wala ardhi ya huko ni kubwa kiasi gani. Alimwuliza maswali mawili. La kwanza: "Nani atakuwa nyuma yako?" Maana yake ni nani wa damu yake atakayefuata, ili asikae porini peke yake. La pili: "Maji ya huko hukauka mwezi gani?" Kijana akanyamaza, kwa sababu alikwenda kuiona nchi ile mwezi wa Mei, vijito vikiimba. Babu akasema basi, shauri hili litarudi hapa baada ya Oktoba. Na watu wakaendelea na habari ya mbuzi.

Kijana alikwenda Oktoba. Alilala huko siku sita, akakuta kijito cha kwanza kimebaki mawe matupu, akapanda nacho mpaka akapata mahali ambapo, ukichimba mchanga kwa mkono, maji huja kabla kiganja hakijajaa. Hapo akaweka alama. Kuichagua ardhi mpya ni elimu yenye vifungu vingi. Mmatengo aliyeshuka kwenye miombo huitafuta ntambo hata pale ambapo milima imekwisha kuwa vilima: mgongo wenye maji pande zote mbili, mteremko usioweka maji wala kuyakimbiza, nafasi ya kuzika. Hutazama miti. Mahali penye mikusu mingi, ile yenye matunda matamu ya masuku ambayo watoto hushinda chini yake, hupita, kwa sababu mikusu hupenda udongo wa changarawe usio na shukrani. Huchimba kidogo kwa jembe akautazama udongo wa ndani, akaunusa, na wapo wanaouonja. Kisha huuliza habari za nguruwe mwitu na nyani, maana shamba moja lililo peke yake katikati ya msitu ni karamu ya wanyama, ilhali mashamba kumi yaliyopakana yanaweza kulindwa kwa zamu. Na hili ndilo lililokuwa limefichika ndani ya swali la kwanza la babu.

Mwaka wa kwanza wa shamba jipya walikwenda wanaume peke yao. Wakakata matawi, wakayarundika, wakayachoma kabla ya mvua, wakamwaga ulezi katika majivu. Shamba la namna hiyo huitwa matema. Ulezi ule ulikuwa chakula, na ulikuwa pombe pia, na pasipo pombe hapana ngokela, yaani kazi ya kuitana majirani walime pamoja na kunywa pamoja. Hofu iliyokuwa kubwa kuliko ya wanyama ilikuwa homa. Mtu wa milimani, aliyezoea baridi inayoua mbu, alipolala nyanda za chini aliweza kurudi akitetemeka, na mabibi waliokuwa wakikataa safari walikuwa na makaburi ya kuonyesha. Kwa hiyo wanawake na watoto wadogo walichelewa, aghalabu misimu miwili, hata nyumba zikasimama na kijito kikajulikana tabia yake.

Na hapo mwanamke alikuwa na neno lake, ingawa hakulisema barazani. Mke aliyeona kwamba huko chini ardhi ni laini, kwamba matuta yanatosha na ngolo si lazima, kwamba hatalima tena akiwa ameinama kwenye ukuta wa mlima na mtoto mgongoni, alikubali upesi. Mke aliyefikiri juu ya mama yake mgonjwa ng'ambo ya kijito, au juu ya mashoga zake wa kuchota maji, alikawia, na kukawia kwake kulitosha kuirudisha safari nyuma mwaka mzima. Walikuwapo wanaume waliotaka kulitatua jambo hili kwa kuoa mke wa pili wa kukaa kwenye shamba jipya, ingawa kanisa, lililokwisha kutia mizizi mirefu Umatengoni tangu mapadri Wabenediktini, halikuridhia. Mashamba yaliyokaa zaidi, kwa kadiri nilivyoona, ni yale ambayo mwanamke aliyachagua mwenyewe kwa unyayo wake.

Aliyehama hakuondoka. Hili ndilo neno ambalo ningependa msomaji alichukue kwa uzito wake. Mibuni yake ilibaki milimani chini ya uangalizi wa ndugu; alirudi kuichuma; alirudi kuzika, kuozesha na kutambika; maharage yake ya mbegu yalitoka katika kibuyu cha bibi yake; na jina la ntambo aliyozaliwa aliendelea kulitaja kila alipoulizwa kwao ni wapi. Kutoka shamba jipya yalipanda mahindi na ulezi, kutoka milimani ikashuka fedha ya kahawa. Kama Mchaga wa Kilimanjaro alivyo na kihamba chake juu na shamba lake tambarare, ndivyo Mmatengo alivyoifanya ardhi moja iwe na vichwa viwili. Ardhi ilirefuka, ukoo ukabaki mmoja. Nayo nchi mpya haikuwa tupu: palikuwa na Wangoni na wengine wenye kuijua, na mgeni alipaswa kwenda kwa mwenyeji, akae, aeleze ukoo wake, atoe kuku au siku za kazi, ndipo aonyeshwe mpaka. Wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, waliokaa na watu wa Kindimba, kijiji cha milimani, na wa Kitanda kuanzia miaka ya 1990, waliyachunguza mengi ya haya kwa subira, na wakaiheshimu ngolo kama inavyostahili.

Ulimwengu umeona namna nyingine ya kuhamia msituni. Mwaka 1970 serikali ya Brazili ilianza kukata barabara kuu ya Transamazônica katika msitu mkubwa wa mvua wa Amazoni, ikawaahidi watu wasio na ardhi hekta 100 kwa kila familia. Hekta 100 ni utajiri ambao ntambo nzima ya Umatengo haiuoti. Lakini familia zile zililetwa moja moja kutoka nchi za mbali, zikapewa vipande vilivyopimwa kwa rula bila ya kutazama kijito kinapita wapi, jirani akiwa mtu usiyemjua na soko likiwa mbali nyuma ya matope. Na wengi waliviacha au waliviuza, wakasonga mbele kukata msitu mwingine au wakarudi mijini. Siwalaumu. Hawakuwa na mtu wa kuwauliza habari za Oktoba.

Hata Umatengoni, maswali yale mawili yalianza kukosa mwulizaji. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 hadi 1976 haikuleta mageuzi makubwa milimani, ambako nyumba zilikuwa zimekaribiana tangu zamani. Lakini wengi waliokuwa wamehamia nyanda za mashariki walisogezwa pamoja kando ya njia, mbali na vijito walivyovichagua kwa taabu. Sengu nayo ikafifia jioni kwa jioni: watoto walikwenda shule za mbali, kila mume akapenda kula na mkewe na wanawe nyumbani mwake, na serikali ya kijiji ikachukua kesi za mipaka. Si vibaya mume kula na mkewe. Ni vyema sana, na binti aliyekuwa akila mabaki jikoni sasa hula mezani. Lakini mlo ulipohama, baraza lilihama nao, na hakuna aliyelijengea baraza nyumba nyingine.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa la kahawa. Chama Kikuu cha Ushirika cha Mbinga, MBICU, kilikuwa kikinunua kahawa ya wakulima na kuwakopesha mbolea na dawa; biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, chama hicho kikaanguka, na mikopo ya pembejeo ikaanguka pamoja nacho. Bei ikashuka. Mibuni isiyopata dawa ikanyauka majani, na mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa Januari akaingia katika ule mkataba wa dhiki unaoitwa magoma, ambao kwao kahawa huuzwa ikingali maua au punje mbichi mtini, kwa bei ndogo sana kuliko ile itakayopatikana Julai. Mtu aliyekwisha kula mavuno ya kesho hana la kumbakiza nyumbani. Wakati huo watu walihama kwa wingi, na walihama kwa namna nyingine: haraka, bila ya Oktoba, wakikata miombo kwa mahindi ya mwaka mmoja na kuiacha, kwa kuwa mtu asiye na wa kumfuata nyuma hana sababu ya kuiangalia ardhi kama atakayoiachia wengine.

Sharti niseme kidogo pia juu ya watu wa chini, wa pwani ya ziwa, maana mlima na ziwa hapa ni mume na mke. Kutoka Lituhi, kupitia Liuli, hadi Mbamba Bay na kuendelea kusini mpaka mpakani, ardhi ni ukanda mwembamba kati ya mlima na maji. Muhogo hulimwa miteremkoni, mpunga mabondeni, na riziki nyingine yote imo ndani ya ziwa. Usiku wa giza la mwezi, taa za wavuvi wa usipa husimama majini kama mji ulioelea, na asubuhi mchanga wote wa ufuko huwa umetandikwa fedha ndogo ndogo zikikauka. Wanawake waliupandisha usipa huo mlimani kichwani, siku nzima ya kupanda, wakarudi na mahindi na maharage. Na katika kupanda na kushuka huko zilipatikana ndoa, na katika ndoa palipatikana mahali pa kukimbilia mwaka wa shida. Watu wa ziwa huhama kwa shauri la pepo. Mwera, upepo wa kusi unaovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, hufunga mitumbwi ufukoni kwa siku nyingi mfululizo, na nyumba isiyo na shamba lolote hujua mwezi ule kwamba samaki peke yake si maskani. Wengine walivuka kwenda Malawi. Wengine, enzi za Waingereza, waliandikishwa manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga. Ngoma za mganda na kioda, zinazochezwa ufukoni hadi leo, zilikuwa na nyimbo nyingi za hao waliokwenda, na walikuwapo wasiorudi.

Leo ziwa lina wilaya yake, Nyasa, iliyokatwa kutoka Mbinga. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 146,160 huko Nyasa na 353,683 waliobaki Mbinga. Barabara ya lami ya kilomita 66 inateremka sasa kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na safari iliyokuwa ndefu ya kuchosha kwa miguu imekuwa ya saa moja na ushee. Bodaboda hupandisha usipa. Msitu uliokuwa mbali umesogea karibu, na shauri la kuhama, ambalo zamani lilichukua misimu miwili, laweza kumalizwa njiani kati ya kituo kimoja na kingine.

Mwaka uliopita nilipita Kitanda, nikaenda kumtazama yule kijana wa sengu. Sasa ni mzee mwenye mvi, mibuni yake ya kule milimani inaangaliwa na mtoto wa yule amu mdogo, na hapa alipo ana ngolo kwenye mteremko wa nyuma na matuta upande wa tambarare. Tulikula wanne: yeye, mkewe, ambaye zamani asingeketi nasi, mwanawe wa mwisho, na mimi. Mwanawe alinionyesha kwenye simu picha za ardhi ambayo mtu mmoja anaiuza mahali pa mbali, nje kabisa ya wilaya: ekari ishirini, majani mabichi mpaka ukingo wa picha, na nyuma yake kijito kikimetameta. Muuzaji alitaka nusu ya fedha wiki ile ile. Baba alitazama picha kwa muda mrefu, hakusema neno, akampa mkewe simu. Mama alikifuta kioo kwa pindo la kanga, akaisogeza simu mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake, akatazama majani, akatazama kijito.

"Maji haya hukauka mwezi gani?" aliuliza.

Mwanawe akasema hajui. Mwezi ule ulikuwa wa Juni.